Safari ya Gari Katika Majangwa ya Kusini-Magharibi mwa Marekani: Mwongozo Kamili wa Kupanga

Ukitazama ramani ya Nevada, Utah, Arizona na California, hifadhi za taifa zinaonekana kama zimepangwa foleni: Zion, Bryce Canyon, Grand Canyon, Saguaro, Joshua Tree, Death Valley. Wengi huchukua orodha hiyo, wakaiunganisha kwa mstari, wakagawa kilomita kwa idadi ya siku. Mpango wa namna hiyo huvunjika siku ya tatu, kwa sababu kinachotawala jangwani ni saa za jua. Alfajiri hadi saa nne asubuhi ni muda wa kutembea kwa miguu. Saa kumi alasiri hadi magharibi ni muda wa kutazama mandhari na kupiga picha. Hapo katikati mtu anapaswa kuwa ndani ya gari lenye kiyoyozi, makumbusho au kitandani. Ukishapanga siku hivyo, kuendesha mchana hakukupotezei chochote, na miji inapata kazi yake katika safari.

Chagua mwezi kwa kutazama mwinuko

Phoenix iko kama mita 330 juu ya usawa wa bahari. Flagstaff, mwendo wa saa mbili kuelekea kaskazini, iko mita 2,100. Ukingo wa Bryce Canyon uko kati ya mita 2,400 na 2,700, ilhali Badwater Basin ndani ya Death Valley iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hadi 10, kwa hiyo Aprili unaweza kuondoka Phoenix asubuhi watu wakiogelea, na jioni ukakuta theluji inadondoka Grand Canyon. Begi lenye fulana na kaptura tupu halitoshi hata mwezi wa Mei. Weka koti la upepo, sweta nzito na kofia ya kufunika masikio.

Miezi mizuri kwa mzunguko wote ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, na mwisho wa Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Ukituuliza tuchague mmoja, ni Oktoba: mvua za kiangazi zimekwisha, usiku wa Bryce haujawa mkali sana na mabondeni joto limepungua. Desemba hadi Februari hufaa kwa Death Valley, Joshua Tree na Saguaro, lakini barabara za juu zinaweza kufungwa kwa theluji.

Juni hadi Agosti ni suala jingine. Furnace Creek, Death Valley, ndiko kulikorekodiwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Phoenix mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Kama likizo yako inaangukia miezi hiyo na huwezi kuihamisha, baki juu: Bryce, ukingo wa Grand Canyon, Flagstaff. Mabonde yaache kabisa, au yapite ukiwa ndani ya gari bila kuacha barabara ya lami.

Mzunguko wa usiku 13

Huu unaanzia na kuishia Las Vegas, kwa sababu ni rahisi kupata ndege na gari la kukodi, na kurudisha gari mahali ulipolichukua hukuepusha na ada ya kuliacha mji mwingine, ambayo inaweza kuwa kubwa.

Usiku wa kwanza lala Las Vegas. Usiendeshe siku ileile uliyoshuka kwenye ndege ndefu. Barabara ya I-15 kuelekea Utah ni pana, imenyooka na inaleta usingizi. Kesho yake nenda Springdale, mji ulio mlangoni mwa Zion, kilomita 260, na ulale huko usiku mbili. Kutoka Zion hadi Bryce ni kilomita 137 kupitia handaki la Zion–Mount Carmel lililokamilika mwaka 1930. Ukiwa na nyumba-gari, soma vipimo vinavyoruhusiwa kabla ya kuikodi, maana handaki ni jembamba na magari makubwa hupewa njia nyingine. Bryce usiku mmoja unatosha: fika alasiri, tazama machweo, amka mapema ushuke kati ya nguzo za mawe kabla jua halijawa kali.

Bryce hadi Page, mji mdogo wa Arizona ulio jirani na Antelope Canyon, ni kilomita 240 kupitia Kanab. Page usiku mmoja. Kutoka hapo hadi Grand Canyon ukingo wa kusini ni kama kilomita 215, na ingia kupitia Cameron na lango la mashariki ili upite barabara ya Desert View, kilomita 40 za vituo vya kutazamia korongo, ambavyo wanaoingia kwa lango la kusini huviacha kwa uchovu. Lala usiku mbili. Kisha shuka Phoenix usiku mmoja, Tucson usiku mbili, na uvuke hadi Twentynine Palms kwa ajili ya Joshua Tree usiku mbili. Safari ya Tucson–Joshua Tree kwa I-10 ni kama kilomita 540 na ndiyo siku ndefu kuliko zote. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, uingie hifadhini kwa mlango wa kusini wa Cottonwood. Usiku wa mwisho rudi Las Vegas. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,200 kabla ya kuhesabu mizunguko ya ndani ya hifadhi.

Mwenye usiku nane tu aondoe Phoenix, Tucson na Joshua Tree, atoke Grand Canyon moja kwa moja hadi Las Vegas, kilomita 450. Death Valley iongeze wakati wa baridi tu. Furnace Creek iko mwendo wa saa mbili na kitu kutoka Las Vegas.

Kwa kila siku, chukua muda unaotajwa na ramani ya simu uongeze theluthi yake. Ramani haihesabu foleni ya langoni, kujaza mafuta, kusimama kupiga picha, wala kona za milimani. Pia usidanganywe na umbali wa macho: kingo mbili za Grand Canyon zimetengana kama kilomita 16 kwa ndege, lakini kwa gari ni kilomita 345, saa nne na nusu au tano. Ukingo wa kaskazini hufungwa majira ya baridi, na moto wa Julai 2025 uliteketeza hoteli yake kongwe, hivyo usiuweke kwenye mpango bila kusoma tangazo la hifadhi kuhusu nini kimefunguliwa.

Pasi, vibali na vitanda

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa ni dola 80 kwa wakazi wa Marekani na dola 250 kwa wasio wakazi. Asiye mkazi mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, akiingia bila pasi katika hifadhi 11 zinazotembelewa sana, hulipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida. Zion, Bryce na Grand Canyon zote zimo katika hizo 11. Piga hesabu ya watu wazima wawili: dola 200 mara hifadhi tatu ni 600, na kiingilio cha gari cha dola 35 mara tatu ni 105. Dola 705, wakati pasi ni 250 na kwa kawaida huingiza mwenye pasi pamoja na abiria wa gari lake binafsi. Nunua kwenye tovuti rasmi, soma masharti ya siku hiyo, na uwe na kitambulisho chenye picha chenye jina lilelile lililo kwenye pasi. Beba kadi ya benki pia, kwa sababu malango mengi hayapokei tena pesa taslimu.

Pasi hiyo haifanyi kazi kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hili. Monument Valley na Antelope Canyon ziko chini ya mamlaka yao, zina viingilio vyake na sheria zake: pombe imepigwa marufuku katika eneo lote la Wanavajo, na Antelope Canyon huingii bila kiongozi aliyeidhinishwa. Kata nafasi wiki kadhaa kabla. Drooni nazo haziruhusiwi, huko na katika hifadhi zote za taifa.

Mpangilio wa kukata nafasi, kwa tarehe:

Mwaka mmoja kabla, tafuta hoteli zilizo ndani ya Grand Canyon. Zikijaa, Tusayan iko nje tu ya lango, na Williams au Flagstaff ni nafuu lakini zinakulazimisha kuamka saa tisa usiku ukitaka kuona macheo.

Miezi sita kabla, kambi za hema kama Watchman ya Zion na Mather ya Grand Canyon hufunguliwa kwenye recreation.gov. Nafasi za mwisho wa wiki huisha upesi sana, kwa hiyo fungua akaunti na uweke kadi yako mapema, dirisha lisije likafunguka ukiwa bado unajaza anwani.

Miezi mitatu kabla, angalia bahati nasibu ya vibali vya kupanda njia ya Angels Landing, Zion. Tangu Aprili 2022 njia hiyo haipandwi bila kibali. Kuna bahati nasibu ya msimu na nyingine ya siku moja kabla, ukikosa ya kwanza jaribu ya pili. Anayeogopa kimo asijilazimishe. Sehemu ya mwisho ni mgongo mwembamba wa mwamba wenye mnyororo wa kushikilia, na wanaopanda na wanaoshuka wanapishana hapohapo.

Zion ina jambo moja linalowakwamisha wageni kila siku. Katika msimu wa mabasi ya bure, takriban Machi hadi Novemba, barabara ya ndani ya korongo haipokei magari binafsi. Unaegesha kwenye kituo cha wageni na kupanda basi. Maegesho hujaa asubuhi na mapema, halafu mtu anazunguka saa nzima akitafuta nafasi. Ukilala Springdale, acha gari hotelini upande basi la mji.

Gari: mambo ya kukagua kabla hujatoka kwenye yadi

Barabara zote za mzunguko huu ni za lami na gari dogo la kawaida linatosha. Gari la magurudumu manne halihitajiki, isipokuwa una nia ya njia za vumbi, na hapo soma mkataba kwanza: kampuni nyingi za kukodisha hukataza barabara zisizo na lami hata kama gari ni la magurudumu manne, na bima huanguka ukivunja sharti hilo.

Kuhusu bima, tofautisha mbili. Ya kwanza hulipia uharibifu wa gari ulilokodi, na baadhi ya kadi za mkopo huibeba. Ya pili hulipia madhara utakayowafanyia watu wengine. Hii ya pili kadi haikupi, na asiye na bima yake ya gari Marekani asiiache, kwani gharama za hospitali nchini humo zinaweza kumfilisi mtu. Dereva wa chini ya miaka 25 hulipa nyongeza ya kila siku. Amana huzuiwa kwenye kadi ya mkopo. Kadi ya kawaida ya benki huleta usumbufu au kukataliwa. Beba leseni yako halisi pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa nchini kwako tu na hakipatikani ukishafika.

Yadini, fungua buti na uinue zulia la chini. Magari mengi mapya hayana tairi la spea. Utakuta chupa ya gundi na kikompresa. Gundi huziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, lakini ubavu ukichanwa na jiwe haina la kufanya. Omba gari lenye spea, na ukilipata, hakikisha jeki na spana vipo na spea yenyewe ina upepo. Kisha tafuta kibandiko kilicho pembeni mwa mlango wa dereva kinachoonyesha upepo unaotakiwa. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Upepo hupanda kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila ongezeko la nyuzi 5 au 6, kwa hiyo ukipima saa nane mchana barabarani utaona namba kubwa na utashawishika kupunguza. Usipunguze. Tairi lenye upepo mdogo hujikunjakunja, hujipasha joto kutoka ndani na ndilo hupasuka kwenye lami ya moto.

Kwenye milima mirefu, hasa kutoka bonde la Death Valley hadi Towne Pass karibu mita 1,500, injini hubeba mzigo wa mlima na wa kiyoyozi kwa pamoja. Sindano ya joto ikianza kupanda, zima kiyoyozi, washa heta mpaka mwisho, fungua madirisha, punguza mwendo. Heta hutoa joto la injini ndani ya gari. Utateseka dakika kumi lakini injini itapona. Ikiendelea kupanda, egesha pembeni na uache ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Aliyezoea kuendesha upande wa kushoto atafanya makosa yake sehemu mbili: akitoka kituo cha mafuta na akikata kona kushoto kwenye barabara tupu. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila gari linapoondoka. Kwenye makutano yenye kibao cha kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza. Mwendo umeandikwa kwa maili: 65 ni kilomita 105 kwa saa, na 80, unaokutana nao sehemu za I-15 huko Utah, ni karibu 130. Usiku usiendeshe kwenye ardhi ya Wanavajo kama unaweza kuepuka, kwani farasi na ng'ombe hulala barabarani, ambako lami bado ina joto.

Maji, na chumvi yake

Kiwango cha chini ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi ukitembea. Juu ya hayo weka galoni nne au tano, yaani lita 15 hadi 20, zinazokaa garini kama akiba na hazinywewi kwa mazoea. Nunua Las Vegas au Flagstaff kwenye duka kubwa pamoja na sanduku la barafu; ndani ya hifadhi bei ni nyingine. Joshua Tree haina duka wala mafuta ndani yake, na maji yanapatikana pembezoni tu.

Wengi wanajua kunywa maji, wachache wanakumbuka chumvi. Mtu anayetoka jasho saa nne mfululizo na kunywa maji matupu anapunguza chumvi mwilini mpaka kichwa kinauma, anatapika na kuchanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu humwongezea maji. Huko Grand Canyon askari wa hifadhi wanaifahamu vizuri hali hii. Kwa hiyo kula kitu chenye chumvi kila unaposimama: karanga, biskuti za chumvi, au pakiti za chumvichumvi zile za kutibu upungufu wa maji mwilini.

Grand Canyon hudanganya kwa namna yake. Mlimani unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Korongoni ni kinyume. Unashuka saa tatu asubuhi kwenye ubaridi wa ukingoni, miguu myepesi, na kila hatua inakupeleka kwenye joto zaidi, kwani chini kuna joto kuliko juu kwa nyuzi 10 au zaidi. Unapogeuka, jua limefika utosini na mlima wote uko mbele yako. Tenga muda wa kupanda mara mbili ya ule wa kushuka. Usijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Kiangazi, askari wa hifadhi hushauri watu wasiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Dalili za kuogopa ni hizi: mtu anasema maneno yasiyoeleweka, anayumba, ngozi ni ya moto, au anaanguka. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee kwa nguvu, piga 911. Usimnyweshe kama hajitambui. Mtandao wa simu haupo sehemu nyingi, hivyo simu yenye ujumbe wa dharura wa setilaiti, au kifaa chake cha kukodi, si anasa. Na usitegemee helikopta: hewa ikiwa ya moto kupita kiasi inapungua uzito, na helikopta inashindwa kupaa salama. Julai 2024 huko Death Valley iliwahi kushindikana kuruka kwa sababu hiyo hiyo.

Mafuta na ramani

Jaza tanki likifika nusu, hata kama kuna kituo kingine mbele kwenye ramani. Ukiamua kuongeza hifadhi za Arches na Canyonlands, utakutana na kipande cha I-70 kati ya Green River na Salina, Utah, zaidi ya kilomita 165 bila kituo hata kimoja. Njia ya Amboy kutoka Twentynine Palms kuelekea Las Vegas nayo ina vituo vichache mno. Jaza kabla ya kuondoka mjini, na uulize kama imefunguka, kwani mafuriko huikata mara kwa mara.

Pampu nyingi hudai msimbo wa posta wa Marekani baada ya kuchomeka kadi, na kadi ya nje hukataliwa. Ingia ndani, taja namba ya pampu na kiasi, lipa, kisha utarudishiwa chenji usipoimaliza. Utah utaona petroli ya oktani 85; chukua 87, ndiyo wanayotaka watengenezaji wa magari mengi. Mkono wa kijani mara nyingi ni dizeli, tofauti na ulivyozoea.

Pakua ramani za majimbo yote manne kwenye simu kabla ya kuondoka, na uchukue ramani ya karatasi langoni. Death Valley ina visa vya watu waliofuata ramani ya simu hadi njia iliyofutika miaka mingi iliyopita. Lami ikiisha bila wewe kutarajia, geuza gari hapo hapo. Gari likikwama, kaa nalo: linaonekana kutoka angani, lina kivuli na lina maji yako.

Maji ya ghafla na ukuta wa vumbi

Mvua za kiangazi, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, hunyesha kwa fujo kwenye mwamba usionyonya. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, kwao hapakuwa na dhoruba. Kwa hiyo anga lako si kipimo. Soma tahadhari ya mafuriko ya siku hiyo kwenye kituo cha wageni kabla ya kuingia korongo lolote jembamba, ikiwemo njia ya mtoni ya Narrows, Zion. Barabarani, maji yanayotembea ya kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 hubeba magari mengi madogo. Subiri. Mafuriko ya jangwani hupungua ndani ya saa chache.

Kati ya Phoenix na Tucson hatari ni vumbi. Ukiona ukuta wa kahawia unakuja, toka barabarani kabisa, mbali na lami kadiri uwezavyo. Kisha zima taa zote, hata za hazadi, vuta breki ya mkono, toa mguu kwenye breki, na mkanda ubaki umefungwa. Kuzima taa kunashangaza wengi, lakini sababu ni rahisi: anayekuja nyuma haoni barabara, akiona taa nyekundu anaifuata akidhani uko njiani, na anakugonga.

Saa zinazobadilika bila kukuuliza

Nevada na California ziko nyuma ya Utah kwa saa moja. Arizona haibadilishi saa kiangazi, Utah hubadilisha, na ardhi ya Wanavajo iliyo ndani ya Arizona nayo hubadilisha. Mji wa Page hufuata saa ya Arizona, lakini simu yako ikishika mnara wa Utah itaruka saa moja mbele, dakika kumi baadaye itarudi. Ukiwa Page, zima upangaji wa saa wa moja kwa moja, weka saa ya Phoenix kwa mkono, na umuulize mwenye ziara ya Antelope Canyon anatumia saa ipi. Ziara hazisubiri.

Miji

Las Vegas ni ghali Ijumaa na Jumamosi, nafuu Jumapili hadi Alhamisi, kwa hiyo panga usiku wako wa kwanza na wa mwisho uangukie katikati ya wiki. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi haijajumlisha maegesho. Soma jumla ya mwisho kabla ya kulipa. Jumapili mchana I-15 kuelekea California hujaa.

Phoenix itumie kupumzika, kufua na kununua mahitaji. Makumbusho ya Heard kwa mchana, na Desert Botanical Garden asubuhi na mapema. Njia za milimani kama Camelback hufungwa saa za joto wakati wa tahadhari. Tucson inastahili usiku mbili kwa sababu hifadhi ya Saguaro imegawanyika pande mbili za mji, mashariki na magharibi. Upande wa magharibi una misitu minene zaidi ya saguaro, makaktasi marefu ya jangwani yenye miiba, na uko jirani na Arizona-Sonora Desert Museum, ambako utajua ulichokuwa ukikipita tangu Zion. Nenda huko asubuhi inapofunguliwa, wanyama wakiwa bado hawajajificha.

Siku ya kurudisha gari, jaza mafuta kilomita kumi au zaidi kabla ya uwanja wa ndege, maana vituo vya karibu hupandisha bei. Kung'uta vumbi, ufagie mchanga, piga picha pande zote nne, tairi, kioo cha mbele na dashibodi inayoonyesha mafuta na maili. Kioo ndicho hasa: changarawe za malori kwenye I-15 huacha nyufa ndogo usizoziona mpaka mkaguzi azielekezee tochi.